Kwa Dada Otilia, Ambaye Bakuli Lake Tulilifunua

Mwaka umezunguka, dada Otilia, tangu Alhamisi ile ya Julai ulipotoka nyumbani na koti lako la baridi mkononi, ukasema utalivaa ukifika ofisini. Kahawa imeiva tena Mkumbi. Baridi imerudi na ukungu wake. Wewe tu hujarudi, na sisi tumechoka kujifanya tumezoea.

Nimetumwa mimi, mdogo wako Avelina, niandike maneno ya kuwekwa chini ya picha yako. Baba alisema yasizidi mistari kumi, kwa sababu karatasi ni moja na picha ni kubwa. Unanijua. Ulikuwa ukisema ukinituma chumvi narudi na habari za muuza chumvi na ukoo wake wote, na chumvi yenyewe nimeisahau. Basi anayesoma haya akidhani yataisha upesi, avute kiti.

Mstari wa kwanza baba alinitajia mwenyewe, nikauandika bila kuuliza: "Otilia alikuwa mchapakazi, hakulalamika kamwe." Hapo mkono ulikwama. Siku tatu nilikaa dukani na mstari huo kwenye kompyuta, wateja wakija kutoa kopi za vyeti na kuondoka, mimi nautazama nao unanitazama. Nitasema kwa nini ulikwama. Lakini kwanza tukukumbuke kama watu wanavyokumbukwa, maana ulikuwa mtu wa kukumbukwa kwa raha.

Wewe ndiye mzaliwa wa kwanza wa mzee Polikarpo Ndunguru, mkulima wa kahawa, na mama yetu aliyetangulia. Tulichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, pamoja kwenye ule mteremko nyuma ya nyumba, na kila shimo la mahindi ulilipa jina, eti lisije likaona wivu. Ukiwa darasa la tano mama alitupeleka kuuza maparachichi kando ya njia ya Ukata. Wenzetu walipanga mafungu yao wakakaa kimya. Wewe ukaanza kutangaza: hili fungu la bibi asiye na meno, hili la bwana mwenye haraka, hili la mtu aliyegombana na mkewe. Watu walisimama kusikiliza, wakacheka, wakanunua. Hapo ndipo zilipoanza kazi zako zote mbili, ya masoko na ya hadithi, na hakuna aliyejua kwamba ni mbili.

Ulipopata kazi kwenye kampuni ya unga wa lishe pale Mbinga mjini, uafisa masoko, baba alitembea na barua yako mfukoni mwezi mzima. Miaka kumi na moja uliifanya kazi ile. Ulipanda na gari la matangazo mpaka Kitura na Ukata, ukakoroga uji wa majaribio kwenye viwanja vya zahanati, ukawaita akina mama kwa majina ya watoto wao. Hukumdanganya mteja. Mwenye mtama na karanga nyumbani ulimfundisha kusaga mwenyewe, ukarudi ofisini na mzigo haujapungua, ukanuniwa.

Ijumaa jioni ulishuka ziwani, Mbamba Bay, kwa mume wako mwalimu Joakim Komba na mtoto wenu Glorious. Jumamosi ulikaa na watoto wanaolinda usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa wasiliwe na bata, na hapo ulianza hadithi. Joakim anasema siku za hadithi bata walishiba.

Ndipo akazaliwa Lidia Mwenye Swali. Msichana wa miaka tisa, magoti yana vumbi, hana uchawi wala bahati. Ana swali moja tu kila hadithi, lile ambalo wakubwa wote wanalo na hakuna anayelitoa. Katika hadithi ya mizani, anamuuliza mnunuzi wa kahawa kwa nini mguu wake unapanda juu ya sahani kila gunia la mjane linapopimwa. Katika hadithi ya mtungi, anauliza kwa nini kengele ya shule inalia kwa wote lakini ndoo zinamsubiri yeye. Sheria yako ilikuwa moja: hakuna mtu mzima anayekuja mwishoni kumwokoa. "Mtoto akiokolewa," ulisema, "anajifunza kusubiri. Nataka ajifunze kusimama."

Na kwa kuwa ulikuwa mtu wa masoko, hukuiamini hadithi mpaka uijaribu. Uliwasomea watoto saba, wewe mwenyewe hutazami karatasi, unatazama magoti yao. Wakianza kuyakwaruza, unaweka alama kwa kalamu. "Hapo pamelegea, nakata." Kalamu yenyewe ilikuwa imetafunwa mpaka nikawa naogopa kuishika. Kisha unakuja dukani kwangu, tunachapa, tunabana kwa pini, unavibeba vitabu kwenye gari lilelile la unga na kuviacha shuleni.

Huko Ukata msichana mmoja aliyesoma Lidia alisimama katika mkutano wa kijiji akauliza kwa nini choo cha wasichana shuleni hakina mlango. Wiki hiyohiyo mlango uliwekwa. Habari ilipokufikia ulicheza peke yako katikati ya mashine zangu mbili, ukaangusha rimu nzima ya karatasi, hukuiokota. Sijawahi kukuona na furaha ile tena. Nimejaribu kukumbuka siku nyingine, sipati.

Tunakumbuka ulivyosoma maandishi ya kila pakiti kwa sauti mpaka mwisho, hata tarehe na anuani, muuza duka akikusubiri. Ulivyokunywa kahawa bila sukari na kututazama sisi wa vijiko vitatu kwa huruma. Ulivyomwambia Joakim mbele ya mama yake kwamba amekuwa mzuri zaidi tangu aote kitambi. Tunavikumbuka vyote hivyo na tunacheka, kisha kicheko kinakatika.

Sasa nije kwenye mstari ulionikwamisha.

Meneja wako, Bwana Othmar, alikiona kitabu cha Lidia ndani ya gari. Hakuwa mtu mbaya, nisimpake matope. Alikipenda, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Alitaka Lidia awe kwenye pakiti ya unga, akitabasamu na kikombe. Alitaka na hadithi mpya, fupi, za kuchapwa nyuma ya pakiti: Lidia anakunywa uji, Lidia anapata nguvu, Lidia anauliza swali. Ulimwambia Lidia hapati nguvu kwenye kikombe. Akakwambia, dada Otilia, wewe ni afisa masoko au siyo?

Wasiotujua niwaeleze kidogo. Sisi Wamatengo tuna sengu. Ukoo unakaa kula pamoja, kila nyumba inaleta chakula chake, na mambo ya ukoo yanazungumzwa hapohapo. Zamani walikaa wanaume na mzee wao. Kwa baba yetu siku hizi tunakaa wote. Na nyumbani kwetu kuna desturi moja, sijui kama wengine wanayo, aliyotuachia bibi yetu. Enzi zake wanawake walipeleka chakula tu, hawakukaa, na kifuniko ndicho kilikuwa mdomo wao. Baada ya sala kila mtu anafunua alicholeta kwa mkono wake. Mwenye neno zito anakiacha kimefunikwa. Hapo hakuna anayenawa mpaka asikilizwe. Watu husema funika kombe mwanaharamu apite, lakini kwetu kombe linafunikwa ili ndugu asipitwe. Na mtu hafunui cha mwenzake, hata njaa iume namna gani.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, miaka miwili iliyopita, ulikuja dukani ukaketi juu ya boksi la karatasi.

"Kesho sifunui," ulisema.

"Una neno gani?"

"Naacha kazi. Nashuka Mbamba Bay nikaishi na mume wangu na mwanangu, niandike. Joakim amekubali, tutakula mihogo. Lidia haendi kwenye pakiti."

"Umemwambia baba?"

"Nikimwambia pembeni atalia, na akilia nitakubali. Sisi wote tunamjua baba. Acha kifuniko kiseme."

"Sawa, dada. Nipo upande wako."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Ulipoondoka nikabaki naitazama ile mashine kubwa ya kuchapia. Vipeperushi vyote vya kampuni vilikuwa vinachapwa kwangu, kwa sababu yako. Steven, kitindamimba wetu, alikuwa chuo mwaka wa pili, kwa sababu yako. Bati la nyumba ya baba, dawa zake za presha, vyote vilipita mkononi mwako. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, walisema wahenga. Sisi tulikutegemea tukanenepa. Usiku ule sikukuwazia wewe, dada. Niliiwazia mashine.

Jumapili tukakuta baba amemwalika Bwana Othmar bila kumwambia mtu, amekalishwa kwenye kiti chenye mto. Sala ikaisha. Maharage yakafunuliwa, ugali ukafunuliwa, kuku, mboga ya maboga. Bakuli lako la bati, lile lenye kifuniko cha buluu ulilopewa na mama mkwe wako, lenye mbasa, wale samaki uliotoka nao ziwani, likabaki limefunikwa. Watu wakarudisha mikono mapajani. Baba akatazama chini. Bwana Othmar si mtu wa huku, akatabasamu.

"Na hicho ndo tumefichwa?"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu nawe kuliko wote. Nikanyoosha mkono.

"Dada amesahau," nikasema. "Mawazo ya kazi hayo, bosi, msameheni."

Nikafunua.

Mvuke ukapanda, harufu ya mbasa ikaenea, watu wakacheka, ndoo ya maji ya kunawa ikaanza kuzunguka. Wewe hukunikemea. Ulinitazama kama ulivyotazama pakiti, mpaka maandishi ya mwisho. Kisha ukanawa. Nilijiambia nimemwepusha baba na aibu mbele ya mgeni. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana, na ni uongo.

Baada ya kula Bwana Othmar alitoa karatasi zake. Ulimtazama baba, naye akakwambia kwa upole, "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu." Ukatia saini juu ya goti lako kwa kalamu ile iliyotafunwa. Joakim hakuwepo, alikuwa amepangiwa mbali kusimamia mitihani. Mara nyingi namwona akiitazama picha yako na najua anajiuliza ingekuwaje kama angekuwepo.

Lidia akaingia kwenye pakiti. Walimsafisha magoti.

Miezi michache baadaye ulitoka Kitura ukaja moja kwa moja dukani, gari la matangazo umeliacha nje linaimba. Ulisema kuna mtoto wa darasa la tatu aliyenyoosha kidole baada ya uji wa majaribio. "Madamu, sisi kwetu huo unga hatununui. Basi na maswali hatutaweza?"

"Ukamjibu nini?" nikakuuliza.

"Nilimpa pakiti." Uso uliuficha kwenye viganja. "Avelina, mtoto kaniuliza swali, swali la Lidia kabisa, na mimi nikamjibu kwa pakiti."

Nilikuchemshia kahawa. Ndiyo msaada niliokuwa nao. Ningeweza kukwambia twende kwa baba leo hii, nitakiri mbele yake kwamba nilikufunua, tuanze upya. Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini mashine ilikuwa inachapa vipeperushi vya kampuni wakati ule ule, Lidia baada ya Lidia wakidondoka kwenye trei, na nikanyamaza.

Tangu hapo uliandika alfajiri tu, kabla ya kazi, kwenye madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ulisema ni saa pekee ambayo hakuna anayekudai kitu. Kucheka ulicheka bado, na sisi tukachukua kicheko hicho kama risiti kwamba mambo ni sawa. Kichwa kikaanza kuuma. Ukasema utakwenda hospitali kampeni ya pakiti mpya ikiisha. Alhamisi saa nne asubuhi ulianguka ofisini, na Ijumaa alasiri ukatutoka, una miaka arobaini na moja. Koti lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya kiti chako.

Kampuni ilileta shada kubwa Mbamba Bay, tulikokuzika. Katikati yake waliweka bango la Lidia, anatabasamu na kikombe, juu ya kaburi lako. Walidhani ni heshima. Joakim alilitoa taratibu, akalikunja, akaliweka ndani ya koti lake, kisha akapiga magoti kama wengine.

Madaftari yako yako kwangu, kumi na manne, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. La mwisho nimelisoma mara nyingi kuliko misale. Lidia anaamka asubuhi na kujikuta ndani ya pakiti. Anawaona watoto dukani kupitia karatasi, vivuli tu. Anawaita, hawasikii, maana nje ameandikwa anatabasamu. Anajaribu kuuliza swali, unga unamwingia mdomoni. Mwisho uliandika: "Lidia akagonga karatasi kutoka ndani. Akasema," na hapo hakuna kitu. Mstari uliobaki ni mweupe, na kurasa zote zinazofuata.

Glorious ananiambia ulimsomea sehemu hiyo. Nilimuuliza kama alikwaruza magoti. "Hapana, mama mdogo," akasema. "Nililia."

Miezi miwili iliyopita ilikuja barua. Kampuni inaomba madaftari yote, hadithi zote, ziwe zake. Watachapa picha yako kwenye pakiti ya kumbukumbu. Na nafasi yako ya kazi, ambayo haijajazwa mpaka leo, atapewa Steven. Steven amemaliza chuo, dada, na mwaka mzima sasa anakaa nyumbani, anapalilia kahawa na kutazama simu kama itaita. Ni mtoto mzuri. Hakuiomba barua hiyo, imemkuta. Baba aliifurahia sana. Joakim akasema hataweka saini mpaka ukoo wako useme. Basi tukapanga: siku ya kumbukumbu, baada ya misa, tutakaa sengu na kumaliza.

Sasa mnaona nilivyobanwa. Nikikataa, namfungia mlango mdogo wangu wa mwisho, na mimi mwenyewe nakula kwa mashine iliyokuja kwa njia hiyohiyo. Nikikubali, nakufunua mara ya pili, na mara hii huna hata macho ya kunitazamia. Na juu ya hayo baba ananisubirisha na mstari wake, hakulalamika kamwe. Angelalamika saa ngapi? Mdomo wake niliufunua mimi, ukawa bakuli tu.

Jumapili iliyopita tulikusomea misa. Nilikuwa nimeomba bakuli lako kwa Joakim, akapanda nalo kutoka ziwani pamoja na mbasa, hakuuliza la nini. Nilipika mwenyewe. Nyumbani kwa baba Mkumbi tukakaa wote, sala ikaisha, vifuniko vikaanza kutoka. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Steven, nusu yake inaonekana. Mimi sikufunua.

Nilitazama kile kifuniko cha buluu kwa sababu sikuweza kutazama uso wa mtu. Kisha nikaona mkono wa Steven unakuja.

"Da Avelina amesahau," akasema.

Nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa cha moto. Sikukiondoa.

"Sijasahau, Steven. Hata yeye hakusahau."

Baba akanyanyua kichwa. "Sema, Avelina."

Nikasema. Nilisema yote niliyoandika hapa, na mashine, na boksi ulilokalia, na sawa dada nipo upande wako. Nilisema Jumapili ile ulikuja kuaga kazi na mimi nikakufunga kwa kukufunua. Nilisema baba, mstari wako siwezi kuuchapa, ni wa uongo, na aliyeufanya uwe uongo ni mimi. Glorious alikuwa amekaa karibu na baba yake, miaka kumi na tatu, anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mama yake alitaka kushuka akaishi naye. Sikujua nimtazameje. Bado sijui.

Baba alisogeza sahani yake pembeni.

"Nilikuona," akasema.

"Unasemaje, baba?"

"Siku ile. Nilikuona ukifunua. Kila aliyekuwepo alikuona, isipokuwa mgeni. Wewe ulifunua, lakini aliyenawa wa kwanza ni mimi." Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, akaigeuza na kuitazama. "Nilijua ana neno. Nilijua na neno lenyewe. Nikasema kimoyomoyo, ahsante Avelina. Nikavuta ndoo."

Shangazi mmoja alijifunika uso kwa kanga. Miaka miwili nimelibeba peke yangu, dada, kumbe ukoo mzima tulikuwa tumelishika pembe zake, kila mmoja akidhani mwenzake haoni. Sikupata nafuu yoyote. Nilidhani nitapata. Nilihisi tu jinsi ulivyokuwa peke yako siku ile, katikati ya watu ishirini waliokupenda.

Steven alitoa barua mfukoni, akailaza chini mbele ya baba. "Basi mimi nitakuwa nini?" akauliza, polepole, wala hakuwa na hasira. Ni swali zuri. Lidia angeliuliza. Baba alifungua mdomo, nikajua methali inakuja, ile ya mkono mtupu. Akaufunga.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Lakini hutakaa kwenye kiti chake kwa bei hiyo."

Joakim alingoja sana, kisha akaniambia, "Funua sasa, shemeji. Umesikilizwa." Nikafunua. Hakukuwa na mvuke tena. Tulinawa, tukala mbasa za baridi, na Glorious alikula kidogo akaomba bakuli akalioshe mwenyewe.

Barua imerudi bila saini. Nisiwadanganye wasomaji kwamba mambo yamenyooka. Saini uliyotia juu ya goti bado ina nguvu, na Lidia bado yuko kwenye pakiti, kila duka la Mbinga, magoti safi. Steven bado anatazama simu. Kampuni imehamisha vipeperushi vyake kwenye duka jingine na ile mashine kubwa nimeifunika kitambaa. Tumenaswa palepale tulipokuwa, ila sasa tunajua nani alitega. Madaftari kumi na manne yako sandukuni, na ufunguo anao Glorious. Ule mstari mweupe hatumwambii auandike wala asiuandike.

Baba aliniita jana niisome karatasi hii yote. Nilisoma mpaka kwenye ndoo ya maji nikataka kuruka, akasema nisiruke. Nilipomaliza aliuliza kama ule mstari wake bado upo. Nikamwambia upo, nasubiri ruhusa. "Ufute," akasema. "Andika alikuwa na neno, sisi tukala."

Nimeandika, dada.

Unakumbukwa na baba yako mzee Polikarpo Ndunguru, mume wako mwalimu Joakim Komba, binti yako Glorious, wadogo zako Avelina na Steven, shangazi zako wa Mkumbi, wakwe zako wa Mbamba Bay, na watoto wa Kitura, na wale wa Ukata ambao mlango wa choo chao bado unafungika vizuri.

Kila tutakapokaa kula, bakuli lako lenye kifuniko cha buluu litawekwa katikati, limefunikwa, na hatutanawa kabla ya kukutaja. Hakuna mkono utakaoligusa tena, Otilia, hadi siku utakayolifunua mwenyewe.